Nyanya, Yai, Chokaa

Mdogo wangu mpendwa, Fiston,

Najua hupendi maneno marefu. Ujumbe wangu ukivuka mistari mitatu unajibu, "Yaya, nitasoma kesho," na hiyo kesho yako sijawahi kuiona. Leo utasoma. Na hutasoma peke yako, kwa sababu barua hii nimeiandika wazi, aione kila mwenye macho: majirani wa parcelle, wa ua mmoja nasi, wateja wangu wa saluni, watu wa chapelle anakosali Tantine wetu, hata wale vijana wa avenue yetu uliokuwa unawafunga mabao halafu wanasingizia manette. Wewe ulisemwa vibaya mbele ya watu. Siwezi kukusafisha kwa kunong'ona.

Ila nianze na mambo yetu ya kawaida, maana mimi na wewe hatujawahi kuzungumza jambo zito bila kwanza kugombana juu ya michezo.

Siku hizi ninacheza kwenye simu. Usicheke! Mimi Yaya wako, dada mkubwa mzima, niliyekuwa naitukana simu kila siku, sasa nasukuma mpira kwa kidole gumba kwenye kioo kidogo kama biskuti. Na bado nasema nilichokuwa nasema: simu si chombo cha kuchezea. Kidole kinamfunika golikipa, ukitaka kupiga shuti mtu anakupigia, na kila baada ya mechi linakuja tangazo linakuuliza kama unataka kupunguza tumbo. Tumbo langu linawahusu nini? Mchezo ni manette, kidude cha kushika kwa mikono miwili. Vitufe uvisikie chini ya ngozi, mkono ujue kazi yake bila jicho kushuka. Mimi nasuka nywele kutwa nzima bila kutazama vidole vyangu, kwa hiyo hakuna mtu wa kunifundisha mambo ya vidole.

Na hizi konsole mpya wanazozililia watu? Nimeziona, nimezishika, mteja wangu mmoja ameletewa moja kutoka Lubumbashi. Nzuri, sikatai. Picha yake unaweza kuingia ndani ukaomba kiti. Lakini waliozitengeneza hawajawahi kuishi penye vumbi. Plastiki nyeusi inayong'aa, kwetu Likasi! Ukiifuta asubuhi, mchana imeshakuwa na rangi ya barabara. Matundu ya hewa wameyaelekeza juu, kana kwamba vumbi linapanda tu halishuki. Nyingine haina hata mahali pa kuingiza diski. Wanataka mchezo mzima uupakue kwa internet. Internet gani? Hii yetu, ambayo picha ya mtoto wa binamu inafunguka kuanzia kichwani, na miguu tunaiona tukiwa tumeshasahau tulikuwa tunatazama nini? Na hata ukiwa na diski yako mkononi, unaiweka, inakuambia ngoja, kuna marekebisho ya kupakua kwanza. Sasa nimenunua mchezo au nimenunua foleni?

Manette zao nazo! Betri wameifungia ndani, ikichoka utupe chombo kizima. Na ile fimbo ya kushoto, hata mwaka hauishi, inaanza kwenda yenyewe. Unaiacha, unainua mikono juu, mchezaji wako anaondoka taratibu kuelekea pembeni kama mlevi anayetafuta mlango. Wewe ulikuwa unasema ni mimi ninayeibana sana. Ulikosea, Fiston, na leo mbele ya watu wote nasema ulikosea. Mkono wangu hauna shida. Fimbo ndiyo mbovu.

Lakini kosa lao kubwa kuliko yote, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu nitalirudia, ni kuuficha mtambo wa umeme ndani ya tumbo la konsole. Ile yetu ya kwanza ilikuwa na kisanduku chake cha umeme pembeni, kizito, kibaya, kimelala sakafuni kama tofali. Watu walikicheka. Lakini courant mbaya ikija, umeme wa kupanda na kushuka, kinakufa kisanduku peke yake, konsole inabaki hai. Unatafuta kisanduku kingine, maisha yanaendelea. Hizi za sasa wanataka ziwe na sura ya kupendeza, kila kitu kimo ndani, na umeme ukichafuka unapiga moyoni moja kwa moja.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Mjomba alituachia alipohamia Kamina, na tuliipandisha juu ya matofali mawili ili ipumue. Feni yake ilikuwa na sauti mpaka Mama akisikia kutoka jikoni anapiga kelele, "Ile moulin yenu iko inasaga nini? Mahindi iko wapi?" Diski yetu ya mpira ilikuwa na mikwaruzo kila mahali. Wewe uliipaka dawa ya meno, ukaisugua na flana yako ya shule, ukiizungusha polepole, ulimi nje, ikakubali kucheza tena. Mama naye akawa anauliza kila wiki mbona dawa ya meno inaisha na meno yenu ni yale yale.

Wewe ulikuwa na mikono mizuri, Fiston. Nataka uanze kukumbuka hapo. Ni wewe uliyefungua konsole na kuitoa vumbi kwa brashi yangu ya poda, bila kuniomba. Ni wewe uliyerudisha skrubu zote mahali pake. Mimi nilikuwa bingwa wa kucheza na kulalamika. Wewe ndiwe uliyefanya kuwe na kitu cha kulalamikia.

Na juu ya mlango wa sebule ilikuwepo ile taa ya kizamani, ya kioo cha mviringo na uzi ndani. Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu. Ukirudi, avenue nzima inashangilia, watoto wanaruka nje wakiita "Courant! Courant!", na Mama anashangilia kwa namna yake:

"Bantu bote, musiguse kintu! Fiston, ampoule inasema nini?"

Unakwenda kusimama chini ya mlango, mikono nyuma kama daktari. Tulikuwa na maneno yetu matatu. Taa ikiwa nyekundu, dhaifu, unasema "nyanya", na tunangoja, kwa sababu umeme ni mdogo. Ikiwa nyeupe ya kuumiza macho, kama vumbi la machimbo ya chokaa ya Kakontwe kwenye jua, unasema "chokaa", na hapo hata Mama anarudi nyuma hatua moja, kwa sababu umeme ni mkubwa, unaua. Ikiwa na rangi ya kiini cha yai, unasema "yai", na nyumba nzima inakimbilia kwenye soketi. Régulateur, ile mashine ya kusawazisha umeme, tulikuwa nayo, ndiyo, lakini Mama aliipeleka kulinda friji yake ya samaki, na samaki ndio waliotusomesha, hakuna wa kubisha. Konsole ililindwa na macho yako tu. Utoto wako wote ulisoma ile taa, na utoto wako wote hakuna kitu kilichoungua.

Hilo liweke kando. Tutalirudia.

Ukakua, ukapata kazi ya kupakia mifuko kule Kakontwe, unarudi mweupe mpaka kope. Malipo yako ya kwanza, badala ya kununua viatu kama kijana yeyote mwenye akili, ulimnunulia Mama taa mpya. Zile za kisasa, zisizokula umeme, zisizokatika uzi kwa sababu hazina uzi. Na hukuchukua nyeupe. Ulimpa muuzaji kazi mpaka akakutafutia yenye rangi ya kiini cha yai, kwa sababu Mama anasema mwanga mweupe unafanya bukari, ugali wetu, ionekane kama chakula cha hospitali. Wakati wa kuishusha ile ya zamani ikakuponyoka, ikavunjika, na hakuna aliyesikitika. Mama alipiga kigelegele. Wiki nzima kila mgeni aliambiwa atazame juu: "Ni Fiston njo alileta."

Halafu vikaanza kuungua vitu. Kwanza chaji ya simu ya Tantine. Wewe ulichomeka. Kisha pasi ya Mama. Wewe ulichomeka. Na ile Jumapili, tumetoka misa, vijana wa avenue wamejaa sebuleni na konsole yetu ya pili iko tayari, ile niliyoipata baada ya kusuka mpaka vidole vikawaka. Umeme ukarudi. Mama akauliza. Ukatazama juu, ukasema "Yai!" kwa sauti yako ya furaha, ukachomeka. Tukasikia tu, paa! Halafu ile harufu.

Tantine alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Unamjua, dada yake Mama anatupenda, angetupa figo yake, lakini mdomo wake haujui kungoja. Akasimama mbele ya wote.

"Huyu mutoto, mukono yake iko na mukosi. Kila kintu anagusa, kinaungua. Ni lazima tumuombee."

Nilibishana naye, unakumbuka. Lakini nilibishana bila ushahidi, na bila ushahidi Tantine hashindwi na mtu. Uliutazama mkono wako wa kulia, mbele na nyuma, kama mtu aliyeupata njiani. Wakakupeleka chapelle, wakauombea huo mkono. Na mvua zilipoisha ukaenda Kolwezi, ukasema ni kutafuta maisha, na tangu hapo unaongea na Mama tu, na kila sikukuu una sababu ya kutokuja.

Nilidhani umenikasirikia kwa ajili ya konsole. Ningeweza kuvumilia hilo. Lakini juzi juzi rafiki yako Papy alipita hapa kusalimia. Nikamuuliza unaishije. Akasita, akasema unaishi vizuri, ila kuna kitu kimoja hakielewi: simu yako ikiisha chaji, unakwenda kumwita jirani akuchomekee. Yeye alifikiri ni mzaha, akakuuliza kwa nini. Ukamjibu, "Mukono yangu haina muzuri na courant."

Hapo nililia, Fiston. Mimi silii ovyo, hata finali nimepoteza kwa penalti bila chozi. Siku hiyo nililia mpaka Papy akaaga kabla ya chai.

Sasa sikiliza. Siku chache baadaye niko saluni, nina kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa. Patronne wangu, mwenye saluni, wewe unamjua kwa ubahili, ana taa mbili ukutani: moja ya kisasa kama ile yako, na moja ya zamani ya uzi ambayo amekataa kuitupa kwa sababu bado haijafa. Umeme ulikuwa umekatika. Ukarudi. Nikainua macho, mazoea ya kwetu yale. Ya uzi ilikuwa chokaa. Chokaa kabisa, inachoma macho. Na ile ya kisasa pembeni yake, kwenye ukuta ule ule, umeme ule ule, imetulia, yai.

"Yaya, uko unaniumiza," mteja akasema. Nilikuwa nimeushika msuko wake kama kamba ya ng'ombe.

"Kumbe!" nikasema. "Kumbe! Kumbe!"

Fiston, zile taa mpya zina kitu ndani kinachosawazisha umeme kabla haujafika kwenye mwanga. Umeme uwe mdogo, uwe wa kuua, yenyewe inatoa mwanga ule ule. Ni taa nzuri sana, tena inajilinda kuliko hiyo konsole ya wazungu. Lakini haisemi. Wewe ulisimama chini yake kama ulivyosimama utoto wako wote, ukasoma ulichokiona, na ulichokiona kilikuwa yai, na kingekuwa yai hata kama radi ingepita ndani ya waya. Sasa panga mambo mwenyewe. Kabla ya taa mpya: umechomeka kila siku, hakuna kilichoungua. Baada ya taa mpya: chaji, pasi, konsole. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni taa. Mkosi gani unaongoja mpaka mtu abadilishe taa?

Na usianze, nakujua, usianze kusema, "Basi ni kosa langu kwa kuinunua." Ulimletea mama yako mwanga. Mama alitazama juu kama wewe, mimi nilitazama juu, vijana wote wa avenue walitazama juu, na sote tulisema yai. Muuzaji aliyekuuzia naye pengine kwake anasoma yai.

Sikuishia hapo, kwa sababu namjua Tantine. Niliazima ile taa ya uzi ya patronne, nikaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba itarudi nzima. Jumapili nikaifunga juu ya mlango, kando ya ile yako. Nikamkalisha Tantine pale pale karibu na dirisha, nikamkalisha Mama, nikaita majirani waliokuwepo siku ile. Nikasema leo hakuna kuongea, ni kutazama. Hapa kwetu huhitaji kungoja sana umeme ufanye vituko. Ulikatika, ukarudi dhaifu: ya uzi ikawa nyanya, ya kwako yai. Tantine akasema, "Hmm." Tukanywa chai. Jioni haijaingia, ya uzi ikapanda, ikapanda, chokaa! Mama akapiga kelele ya zamani, musiguse kintu, na akatazama kando ya chokaa ile akaona taa yako imetulia kama mtu aliyeshiba. Akashika mdomo.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu alikuwa anasema kweli."

Tantine alikaa kimya. Nataka uelewe, Tantine, kimya, na watu wamejaa. Mwishowe akaniuliza, "Basi ile mukono tuliiombea bure?"

Mama akamjibu, "Maombi haiozi. Itamufaa siku ingine."

Kesho yake Tantine alipotea tangu asubuhi. Tulidhani yuko chapelle. Kumbe amezunguka soko, ameingia kila duka, anauliza taa za uzi, ambazo sasa hakuna anayeuza, na wauzaji wanamwambia, "Mama, bile bintu ni bya zamani." Alirudi na vumbi mpaka magotini na taa mbili amezifunga ndani ya kitambaa chake cha kichwa, nywele nje, Tantine ambaye hatoki hata uani bila kitambaa. Akaziweka mezani polepole. "Moja ya hapa," akasema. "Moja ya Fiston." Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumtania, nawe ukija usimtanie, angalau siku ya kwanza.

Moja iko juu ya mlango sasa. Ile uliyomnunulia Mama imehamia chumbani kwake, anasomea Biblia, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Na konsole? Nimeipeleka kwa fundi. Amefungua, akakuta kilichokufa ni mtambo wa umeme tu, ule ule waliouficha ndani, kama nilivyosema na kama nitakavyosema mpaka nizeeke. Amebadilisha. Nimeiona kwa macho yangu ikiwaka kwake, nikasikia ule mlio wake wa kuanza, mwili ukanisisimka. Nikamwambia zima. Nimeileta nyumbani, nimeiweka juu ya matofali mawili, waya wake umelala sakafuni. Haijachomekwa. Vijana wanakuja kila siku kunibembeleza, nawafukuza. Mimi, mdogo wangu, ambaye nikikosa mechi siku mbili naanza kugombana na kuku, nakaa mbele ya konsole nzima ninacheza kwenye biskuti. Kwa sababu kitu cha mwisho kilichofanywa na mkono wako katika nyumba hii hakiwezi kuwa ile paa. Utakayeichomeka ni wewe, Mama akiwa amekaa, Tantine akiwa amekaa, na majirani wakiwa mlangoni. Halafu nikufunge mabao mpaka uombe kurudi Kolwezi. Manette yenye fimbo mbovu ni yako.

Taa yako anakuletea Papy, aliyepita tena hapa njiani kurudi Kolwezi. Ameibeba mapajani, ndani ya kitambaa cha Tantine, kwa hiyo kitambaa nacho ukirudishe wewe mwenyewe. Nami nakuaga kwa kukupa kazi moja. Ifunge hiyo taa chumbani kwako. Simu yako ikiisha chaji, jirani mwache apumzike. Simama chini ya taa, itazame vizuri kama ulivyotazama tangu mdogo. Ikisema yai, chomeka mwenyewe, na mkono wako wa kulia, halafu unipigie. Nitapokea hata kama nina kichwa cha mtu mkononi.

Ni mimi, Yaya wako.